Tuwaponde miiba bahari au tuwamwagie chokaa?

SWALI: Shikamoo Daktari. Navua kwa malema, ile mitego ya kutegea samaki, hapa Bamburi, Mombasa, na babangu alivua hapa hapa kabla yangu. Siku hizi maji ya bamvua yakitoka, mwamba wote ni miiba bahari, wale viumbe wa mviringo waliojaa miiba: wale weusi wafupi wanaokaa kwenye mashimo na wale wa miiba mirefu. Pa kukanyaga hapana. Majani ya baharini tuliyokuwa tukivua tafi sasa ni mchanga mtupu. Amekuja mtu na mradi kwenye BMU yetu, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo. Anataka vijana walipwe kuwaponda kwa vyuma, na walipozidi tumwage chokaa. Anasema wakiisha samaki watarudi wenyewe, tena miiba bahari wakubwa atatutafutia soko Japani. Tukubali?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Chokaa msikubali, hata akiwaletea bure. Habari ya kuponda nitaifikia, kwa sababu ina ukweli kidogo ndani yake, na ukweli huo kidogo ndio unaowapoteza watu.

Swali hili naletewa kutoka Msambweni mpaka Watamu, na karibu kila mara pana mtu wa mradi nyuma yake. Wote huanza na hadithi ile ile, kwamba miiba bahari ni wavamizi, walikuja wakawafukuza samaki. Si kweli. Hawa ni wenyeji wa mwamba tangu kale. Walikuwa wachache kwa sababu waliliwa, na aliyekuwa akiwala tumemvua. Nasema tumemvua kwa sababu na mimi nimemla, wa kukaanga, kwa hivyo simwachii mvuvi lawama peke yake.

Namsema samaki aitwaye kikande, hasa yule wa mistari ya rangi ya chungwa ambaye wataalamu humwita Balistapus undulatus. Utafiti ambao Tim McClanahan na Nyawira Muthiga wamefanya kwenye miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980 ulionyesha kwamba ndiye mlaji mkuu wa yule mwiba bahari mfupi wa mashimoni, Echinometra mathaei. Changu naye humla, na samaki wengine kadhaa, lakini taya za kazi hiyo anazo kikande: humpindua na kumvunja upande wa chini, penye miiba mifupi. Bahati mbaya, samaki huyu ni rahisi kunaswa. Hukaa mtaa wake mmoja, hafuati kundi, na lema lenye chambo huingia bila kusita. Akishatoka, kurudi kwake huchukua miongo.

Ushahidi mnao mbele ya macho. Mbuga ya bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986, ila uvuvi ndani yake ulikomeshwa hasa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukiacha vipande vidogo vya majaribio, hakuna aliyezunguka humo na chuma akiponda. Samaki waliongezeka, na miiba bahari wakapungua mwaka hata mwaka. Malindi na Watamu, zilizohifadhiwa tangu 1968, huwaoni kwa wingi kama huo wa kwenu, ingawa maji ni yale yale na kusi ni ile ile.

Sikatai kwamba wakizidi wana madhara. Kila mmoja ana meno matano yasiyokoma kuota, naye anapokwangua mwani hukwangua na jiwe lenyewe. Wakiwa wachache, matumbawe hujenga kuliko wanavyobomoa. Wakijaa, hesabu inageuka, na mwamba unaoliwa ndio huo unaovunja mawimbi kabla hayajafika ufukwe wa Bamburi na Nyali. Kuhusu majani, mshukiwa wangu wa kwanza si hao wa miiba mirefu unaowaona. Ni yule mkubwa wa mviringo mwenye miiba mifupi, mara nyingi yenye ncha nyeupe, Tripneustes gratilla. Watafiti waliochunguza maji ya kina kifupi ndani ya mwamba hapa Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 2000 walimkuta akisonga kwa safu, nyuma yake majani yamekatwa. Mtazameni vizuri kabla ya kumtwika mwingine.

Sasa ule ukweli kidogo. Mwiba bahari huvumilia njaa ambayo pono au tafi hawezi. Akishajaa mahali, hula mwani hadi ukabaki utando tu, yeye akaishi, samaki wakakosa chakula. Kwa hivyo hata mkifunga uvuvi leo, samaki watachelewa, na kumpunguza kwa mkono kunaweza kusaidia. Lakini hilo lilijaribiwa hapa Kenya katika miaka ya 1990. Miiba bahari walipotolewa, kilichokuja kwanza ni mwani. Ndani ya mbuga samaki wa kuula walikuwapo. Nje, walikokwisha kuvuliwa, mwani ulibaki na kuyasonga matumbawe. Hapo ndipo maneno ya mtu wenu yanapovunjika. Samaki hawarudi wenyewe mahali ambapo malema na juya, ule wavu wa kukokota, bado vinawangoja.

Tena mtoto wa mwiba bahari huanza maisha akielea majini kwa wiki kadhaa kabla ya kutua. Mkimaliza wa Bamburi, watatua wa Shanzu na Kanamai, na mlaji wao hayupo.

Anayedhani bahari bila miiba bahari ni bahari nzima, aangalie Karibi. Mwaka 1983 ugonjwa ulianzia Panama, na kwa muda wa kama mwaka mmoja uliua zaidi ya asilimia 90 ya wale wa miiba mirefu wa huko. Mtu wenu angesherehekea. Jamaika, ambako wavuvi walikuwa wamekwisha kuwamaliza samaki wala mwani, matumbawe yalifunikwa na mwani, kwa sababu mlaji wa mwisho aliyebaki ndiye huyo aliyekufa. Ugonjwa mwingine uliwapiga tena mwaka 2022. Kisababishi chake, kijidudu kisichoonekana kwa macho, kimepatikana pia Bahari ya Shamu, na Réunion mwaka 2023, kwa hivyo Bahari ya Hindi kimeshaingia. Fikirini hali yenu ikiwa siku moja wa miiba mirefu watakufa wote na pono hakuna.

Chokaa imewahi kumwagwa California kuokoa misitu ya mwani mkubwa, huko kwenye maji ya baridi. Huunguza ngozi ya mwiba bahari, lakini haichagui, na jongoo bahari na kiti cha pweza huungua vilevile. Chuma nacho kina yake. Echinometra hukaa ndani ya mashimo, na kijana anayelipwa kwa idadi atavunja jiwe ili amfikie. Soko la Japani linataka mayai mazima, mabichi, yaliyofika kwenye barafu. Huyu wa mashimoni mayai yake ni machache mno. Mwambieni aanze na barafu, nyundo baadaye.

Kama mnataka kazi ya kweli, anzeni na malema yenu. Yapo yaliyowekewa mwanya wa kutokea samaki wadogo na wembamba, yamejaribiwa hapa hapa Mombasa. Kikande akiingia, mrudisheni akiwa hai. Bei yake haiwapotezei kitu. Kisha BMU ichague kipande cha mwamba, kifungwe kwa wote, na juya lisipite hata usiku. Wavuvi wa Kuruwitu, kule Kilifi, walifanya hivyo kwa hekta kama 30. Ndani ya kipande hicho tu, samaki wakianza kuonekana, ndipo mnaweza kuwatoa miiba bahari kwa mkono, kidogo kidogo, bila kuponda. Kuwatoa nje yake ni jasho la bure.

Nimeona miradi mingi ya aina hii pwani. Leo ni miiba bahari, kesho matumbawe ya kupandikizwa kwenye saruji penye juya linalopita kila siku. Mwenye mradi hupiga picha siku ya kwanza, na hayupo mwaka wa tatu, ambao ndio ungeonyesha kama kuna kitu. Kwa hiyo mkikutana naye, mwulizeni nani atahesabu samaki kabla na baada, kwa miaka mingapi, na uvuvi utafungwa wapi. Akiwa na bajeti ya nyundo, chokaa na fulana tu, mrudishieni karatasi zake bila sahihi.