Kwa nini ushoroba, wakati hifadhi ipo?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji chetu wilayani Babati, maofisa wanatutaka tuache ushoroba, yaani ukanda wa kupitia wanyamapori. Hifadhi ya Taifa ya Tarangire haiwatoshi? — Msomaji, Babati

JIBU: Ndugu msomaji, haiwatoshi, kwa sababu mipaka yake haikufuata mwaka mzima wa nyumbu na pundamilia. Kiangazi hukusanyika kwenye Mto Tarangire, ambao haukauki kabisa. Mvua zikianza, wengi hutoka kwenda nyanda za Simanjiro upande wa mashariki, na wengine kaskazini kuelekea nyanda za Gelai, karibu na Ziwa Natron, ambako nyasi zina madini mengi zaidi, hasa fosforasi, wanayoihitaji majike wanaonyonyesha.

Ndiyo maana wapangaji huchora mtandao wa ikolojia: maeneo ya msingi (kama hifadhi), shoroba zinazoyaunganisha, na maeneo ya kinga ambamo ufugaji unaruhusiwa lakini ujenzi unadhibitiwa. Ushoroba wa Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, unakatwa na barabara kuu ya Arusha–Babati na kubanwa na mashamba. Ukizibwa, hifadhi hizo mbili zitakuwa visiwa, na kundi dogo lililotengwa hudhoofika kwa kuzaliana ndugu kwa ndugu.

Kanuni za shoroba zilitolewa mwaka 2018, lakini kwa maoni yangu ramani ya kijiji ina nguvu zaidi, mradi mkutano mkuu wa kijiji uijadili kwa dhati na kudai, kabla ya kuipitisha, maelezo ya wazi kuhusu malisho na mgawo wa mapato ya utalii.