Unataka fonti yako mwenyewe? Maswali yenu na majibu yangu

Maswali ya fonti, yaani mitindo ya herufi tunazoandikia, yamekuwa mengi siku hizi, na mi nafurahi sana maana miaka ya nyuma hamna mtu alikuwa anauliza, watu walikuwa wanachukua tu chochote kilichopo kwenye kompyuta. Nimechagua machache, yanayofanana nimeyaunganisha.

Nauza nguo online hapa Mwanza. Logo ninayo, sa dizaina wangu ananiambia nitengenezewe na fonti yangu peke yangu kwa ajili ya Instagram na tovuti. Kuna ulazima?

Hapana dada, ulazima hakuna. Logo ni maneno mawili matatu, hayo unaweza kuchorewa kwa mkono na yakatosha kabisa. Fonti ni kitu kingine, inabeba kila sentensi utakayoandika, kila bei, kila "size zote zipo".

Wakubwa wanaofanya hivyo wana sababu zao. BBC mwaka 2017 walianza kutumia BBC Reith, wameichora pamoja na studio ya Dalton Maag ya London, jina limetoka kwa John Reith aliyekuwa mkurugenzi mkuu wao wa kwanza. Kabla ya hapo walikuwa na Gill Sans na Helvetica, herufi za karne iliyopita zilizochorwa kwa ajili ya karatasi, kwenye skrini ndogo ya simu zinabanana, na juu ya hapo leseni inalipiwa. Netflix nao 2018 wakafanya hivyohivyo na studio hiyohiyo, maana leseni za matangazo ya mtandaoni siku hizi zinahesabiwa kwa idadi ya mara tangazo linavyoonekana, kwa kampuni yenye watazamaji dunia nzima hiyo hela haisemeki. Wewe hauko huko. Chukua fonti huria nzuri kama IBM Plex au Ubuntu au Inter, ishikilie hiyohiyo moja kila mahali usibadilishebadilishe, hela iliyobaki piga picha nzuri za nguo.

Mi ni mwanafunzi Dodoma. Nimechora A mpaka Z kwenye Inkscape (programu ya kuchorea), moja moja zinapendeza, ila nikiandika sentensi zinaonekana kama hazijuani. Tatizo nini?

Mdogo wangu hili ndo swali lenyewe, kwa hiyo nivumilie nijibu kwa urefu.

Tatizo ni nafasi. Umechora weusi wa herufi ukasahau weupe, weupe wa ndani ya herufi na weupe wa kati ya herufi na herufi, na macho ya msomaji yanasoma vyote viwili kwa pamoja. Usianze na A. Anza na n na o ndogo, alafu H na O kubwa, basi. Andika nnnnn, andika ooooo, andika nonnono, rekebisha nafasi za kushoto na kulia mpaka mstari mzima uwe na kijivu kimoja bila doa. Ukishapata hapo herufi nyingi zitaazima kutoka kwa hizo mbili, h na m na u na i zina miguu iliyonyooka kama n, b na d na p upande mmoja ni n na upande wa pili ni o, c na e mgongo wake ni o. Umeona, nusu ya kazi imeshaisha kabla hujachora herufi kumi.

Pia jicho lina tabia zake na lazima uzifuate. O ikigusa tu mistari ya juu na chini inaonekana fupi kuliko H, kwa hiyo inabidi ivuke kidogo juu na kidogo chini. Mstari wa kulala ukiwa na unene sawasawa na wa kusimama, wa kulala utaonekana mnene zaidi, upunguze. Kile kijiti cha katikati cha H kipandishe kidogo juu ya nusu, ukikiweka katikati kwa rula kinaonekana kimeshuka.

Alafu sasa hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Video na vitabu vingi vitakuambia ujaribu fonti yako kwa maneno kama "hamburgefonts" na sentensi za Kiingereza. Jaribu, sawa, lakini kama fonti itasomwa na Mswahili basi ijaribu kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, maana lugha yetu inazipanga herufi kwa namna yake. Sisi tuna a kila mahali, tuna k na w na y kwa wingi, na hizo tatu zote zina mistari ya mshazari inayoacha matundu meupe pembeni. Andika "wakiwakwaza", andika "kwa kawaida wanawake walikuwa wakiyauza", utayaona matundu hapohapo. Fonti nyingi za nje jozi ya kw hakuna aliyeigusa kwa sababu kwenye lugha yake haitokei sana, kwetu sisi iko karibu kila mstari. Herufi kubwa angalia Wa, Ya, Tu, Ta, Ku, ndo mianzo yetu ya sentensi, Watu, Yaani, Tulipofika, Kumbe. T isipoisogelea u kidogo neno linakatika vipande viwili.

Neno ninalolipenda kuliko yote kwenye kujaribu ni "mmomonyoko". Lina miguu iliyonyooka imesongamana, lina o nne, lina y na k mwishoni. Kama nafasi za ndani ya m ni nyembamba kuliko nafasi za kati ya herufi, neno zima linageuka fito za uzio na msomaji inabidi ahesabu miguu. Likisomeka vizuri kwa ukubwa wa pikseli 14 kwenye simu, m na n na o zako zimekaa. Ongeza "mnyama", "nyumbani", "saa", "maandazi". Q na x ziache mwisho kabisa, utazihitaji kwa majina ya watu na ya kampuni tu.

Kwenye tovuti yetu ya habari (tuko Mombasa) maneno kama ng'ombe na ng'ambo yanaonekana yana pengo katikati, hasa kwenye vichwa vya habari. Ni fonti au ni sisi?

Ni fonti, na inaniuma kila nikiiona kwa sababu inarekebishika haraka sana. Alama ile ya ' inakaa juu, chini yake patupu, kwa hiyo bila kuisogeza unapata ng, shimo, alafu ombe. Aliyechora fonti alifikiria alama hiyo kwenye maneno ya Kiingereza, ambako baada yake mara nyingi ni s au t, sisi baada yake ni irabu.

Mwambieni mtu wenu apunguze nafasi kati ya g na alama, na kati ya alama na a, e, i, o, u. Afanye kwa alama zote mbili, ile iliyonyooka na ile iliyopinda, kwa sababu kwenye mfumo ni herufi mbili tofauti, mwandishi anayetumia simu anapiga iliyonyooka na mhariri kwenye kompyuta inajigeuza kuwa ya kupinda. Vichwa vya habari vyenye herufi kubwa tupu navyo viangaliwe peke yake, NG'OMBE, VING'ORA, maana G kubwa umbo lake ni jingine kabisa.

Natengeneza apu ya malipo Nairobi. Wateja wanakosea kunakili namba za muamala, O na 0, I na 1. Mabosi wanataka fonti mpya. Nianzie wapi?

Mabosi wako wana akili. Fikiria mtu wa kawaida anasoma nini kwenye simu kwa siku, namba ya muamala ya M-Pesa ina herufi na tarakimu 10 zimechanganywa, tokeni ya umeme ina tarakimu 20, na anaisoma usiku umeme umekatika na simu ina asilimia tatu ya chaji. Hapo uzuri wa herufi unapimwa kwa kitu kimoja tu, amekosea au hajakosea.

Itazame Verdana, Matthew Carter aliichora kwa ajili ya Microsoft ikatoka 1996, wakati skrini zilikuwa na pikseli chache sana. Yeye alianza na pikseli kwanza, akapanga vidoti mpaka vikasomeka, ndo baadaye akachora mistari ya nje kuvizunguka. I kubwa akaipa vijiti juu na chini ili isifanane na l ndogo, 1 akaipa kichwa na kitako, nafasi akaziachia. Miaka yote hiyo imepita na bado inasomeka.

Kwenye yako tenganisha jozi hizi kwa makusudi: 0 na O, 1 na I, 5 na S, 8 na B, 2 na Z. Sifuri unaweza kuikata kwa mstari au kuifanya nyembamba zaidi ya O. Midomo ya 3, 6, 9 na c na e iache wazi, ikijifunga kwenye skrini yenye mwanga mdogo 3, 6 na 9 zinageuka 8, na c na e zinageuka o. Na tarakimu zote ziwe na upana mmoja, ili bei zikipangwa chini kwa chini mamia yakae chini ya mamia na elfu chini ya elfu. Kuna fonti nyingi ambazo tarakimu za namna hiyo zimo ndani ila zimefichwa, developa anaziwasha kwa tnum kwenye CSS (maelekezo ya muonekano wa ukurasa), kwa hiyo kabla hamjalipa mtu jaribuni hiyo kwanza. Na tokeni jamani, igaweni nnenne. Hiyo haihitaji hata fonti mpya.

Wateja wangu wana simu za bei nafuu na bando la kuunga. Fonti yangu nimeiweka kwenye tovuti, ukurasa unakaa mweupe sekunde kadhaa kabla maandishi hayajatokea.

Geuza faili liwe WOFF2, aina ya faili la fonti za tovuti, limekuwa kiwango rasmi cha W3C (shirika la viwango vya mtandao) tangu 2018 na linabana sana kuliko TTF ya kawaida. Punguza herufi ambazo hauzihitaji, kama fonti ina Kigiriki na Kirusi na tovuti yako ni ya Kiswahili watoe hao kwenye faili unalopakia. Usipakie uzito sita (uzito ni unene wa herufi), wa kawaida na mnene vinatosha. Kwenye CSS weka font-display: swap, maandishi yatokee kwanza kwa fonti ya simu alafu yako ifuate, mtu asilipie bando kuangalia ukurasa mweupe.

Kuhusu zile fonti za faili moja lenye uzito wote ndani (variable fonts), zilizotangazwa 2016 na Adobe, Apple, Google na Microsoft kwa pamoja, ni nzuri sana ukitumia uzito mwingi. Kwa uzito mmoja au miwili mafaili ya kawaida mara nyingi yanakuwa mepesi zaidi. Pima yote mawili, usiamini tu.

Mimi ni mwalimu Kampala, naandaa masomo ya mtandaoni kwa Luganda na Kiswahili. Herufi ŋ inatokea na sura tofauti na zingine, kama imepachikwa. Rafiki yangu wa Kenya analalamika hivyohivyo kwa ĩ na ũ za Kikuyu.

Shikamoo mwalimu. Imepachikwa kweli. Fonti uliyochagua haina ŋ, kwa hiyo simu inaenda kuiazima kwenye fonti nyingine, ikikosa kabisa unaona kile kisanduku kitupu. Google walipotengeneza familia ya Noto lengo lilikuwa kuondoa visanduku hivyo, kwa hiyo ukitaka suluhisho la leo hii, tumia Noto Sans, bure na herufi hizo zote zimo.

Kwa anayechora fonti yake Afrika Mashariki, mi naomba sana hizi zisiachwe. Weka ŋ, weka ĩ na ũ kwa Kikuyu na Kikamba, na kama unawafikiria wa Kongo ongeza ɛ na ɔ za Lingala. Sio kazi kubwa, ŋ inatokana na n uliyokwisha ichora na mkia wa j. Ila Ŋ kubwa ina sura mbili duniani, moja ni N yenye mkia na nyingine ni n ndogo iliyokuzwa, na Afrika wengi tunatumia hii ya pili. Wachoraji wa Ulaya wanaweka ya kwanza kwa mazoea. Uliza wasomaji wako kabla.

Kuna aliyeuliza kuhusu Kiswahili cha hati za Kiarabu, kile cha tenzi za zamani. Hiyo ni fonti nyingine kabisa, herufi zinaungana na kila moja inabadilika kulingana na ilipo kwenye neno. Usiiguse bila mtu anayeisoma hati hiyo kukaa pembeni yako.

Naweza kuchukua fonti huria, nikabadilisha herufi kadhaa nikampa mteja kama fonti yake?

Kama leseni ni OFL (Open Font License, leseni huria ya fonti), ndio. Unaruhusiwa kubadilisha na kutumia kibiashara. Toleo ulilobadilisha libaki chini ya leseni hiyohiyo, kama mwenyewe amehifadhi jina basi lako liitwe jina jingine, na fonti yenyewe peke yake huruhusiwi kuiuza. Malipo yako ni ya kazi ya kubadilisha. Mwambie mteja mapema kwamba haitakuwa mali yake peke yake, asije akasikia kwa mtu mwingine. Fonti za kulipia nyingi zinakataza kabisa kuzibadilisha, soma leseni yote hata kama ni ndefu.

Na ukichora kutoka mwanzo andikeni mkataba: nani anamiliki mafaili ya kuchorea, mteja anaitumia peke yake kwa muda gani, uzito wa aina ngapi, lugha zipi, na akitaka herufi za ziada mwakani bei inakuwaje.

Wa Mtwara uliyeuliza programu ya kutengenezea fonti kwenye Windows: FontForge ni bure na inatosha kujifunzia, FontLab ni ya kulipia, Glyphs ni ya Mac tu. Herufi ulizochora Inkscape zinaingia FontForge kama SVG, weka kimo cha uniti 1000 na uanze na n na o.