Iliweza kutuma, au ilituma?

SWALI: Naandika tasnifu kuhusu mitandao ya adihoki, yaani simu na kompyuta (nodi) zinazohamahama na kupitishiana data zenyewe bila waya wala mlingoti. Niseme "itifaki za kuruta" au "za uelekezaji", kwa Kiingereza "routing"? Sentensi yangu ni hii: "Nodi iliweza kutuma ombi la njia, majirani wakaweza kulipokea, nodi lengwa ikaweza kujibu." – Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Uelekezaji. Kuruta ni kijana anayekimbizwa kambini Eldoret. Itifaki ni ya Waarabu, maana yake mapatano. Adihoki ni Kilatini, "kwa ajili ya hili". Basi. Sasa nipishe nije kwenye kinachoniwasha: hizo "weza" zako.

Ulikoambukizwa nakujua. Washa redio yoyote hapa mjini wakati wa taarifa. Waziri "ameweza kuwasili" Machakos. Matatu "iliweza kupoteza mwelekeo na kuweza kupinduka", na abiria wawili "wakaweza kufariki". Ukisikiliza vizuri, matatu hiyo ilikuwa na azma ya kupinduka tangu Januari, ikakwamishwa na matuta na askari wa trafiki, hadi jana Mola akaijalia. Tuipe hongera? Na hao marehemu, walikuwa wakifanya mazoezi? Jamani, iliyopinduka imepinduka!

Mtangazaji namvumilia, pengine anatafuta nafasi ya kumeza mate. Wewe siwezi kukuvumilia (hiyo ni "weza" halali), maana katika fani yako neno hili lina kazi. Chukua AODV, moja ya hizo itifaki zako za uelekezaji, iliyochapishwa mwaka 2003 kama RFC 3561 (waraka wa kiufundi wa intaneti). Nodi isiyo na njia hutangaza ombi. Kila jirani hukumbuka limetoka kwa nani, kisha hulitangaza tena, na nakala ikimrudia huitupa. Ombi likifika kwa nodi lengwa, nodi hiyo hujibu, na jibu hurudi kwa kufuata kumbukumbu zile za majirani. Hapo hakuna cha kuweza. Ila nodi ya katikati, ikiwa tayari inayo njia hai ambayo namba yake ya mfuatano (ndiyo inayoonyesha upya wa njia) si ya zamani kuliko iliyomo kwenye ombi, inaweza kujibu kwa niaba ya lengwa, mradi mwombaji hajalikataa jibu la aina hiyo. Hii ndiyo inayoweza! Umeigawia kila nodi uwezo, sasa nitaitambuaje?

Ngoja ufike sura ya matokeo, unapotakiwa kulinganisha pakiti za data zilizofika na zilizotumwa. Utaandika "ziliweza kufika", na msimamizi wako atauliza kama zilifika au zilikuwa na ruhusa tu.

Andika: "Nodi ilituma ombi la njia, majirani wakalipokea na kulitangaza, nodi lengwa ikajibu." Ile ya katikati iachie "weza" yake. Na "nodi" iache hivyo hivyo, hainiudhi.