Jibu: Karura kwa baiskeli, mbona hamkufika kwenye maporomoko?

Habari dada. Unasema mlikodi baiskeli kwenye msitu wa Karura, Nairobi, mkazunguka saa mbili na watoto, na maporomoko hamkuyaona. Mimi pia yalinipiga chenga mara ya kwanza.

Kwanza, mliingilia lango gani? Nikiingilia la Limuru Road, kabla ya kuanza huwa napiga picha ile ramani iliyo langoni. Ramani ya simu usiitegemee sana. Yangu ilinipeleka hadi kwenye uzio. Njia panda za msituni zina nguzo zenye namba, basi nenda ukilinganisha namba na picha yako. Ukikosa nguzo mbili mfululizo, rudi.

Jambo la pili ndilo nadhani liliwaponza: mlitaka kufika majini mkiwa juu ya baiskeli. Haiwezekani. Zifungeni juu, mshuke kwa miguu (beba kufuli yako), kisha fuateni Mto Karura hadi kwenye yale mapango waliyojifichamo wapiganaji wa Mau Mau. Kipande hicho ndicho kitamu kuliko msitu wote, maji yako ubavuni na miti imefunga juu. Watoto washikwe mkono. Mvua ikinyesha, ule udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Mimi nilirudi nyumbani na suruali ya rangi mbili.

Chakula kifiche mkobani, kima hawaombi ruhusa. Malipo ni kwa simu, si pesa taslimu. Upande wa Kiambu Road sijawahi kuanzia, aliyepitia huko akuongezee.