Mgeni akikwambia "quite good", usifurahie haraka

Mwaka wangu wa mwanzo wa kutembeza wageni, nilimpeleka mama mmoja wa Kiingereza kwenye mashamba ya viungo, Kizimbani, hapa Unguja. Tulipomaliza nikamuuliza ameonaje. "Quite good, thank you." Skuli tulifundishwa kuwa quite ni "kabisa", basi nikarudi nyumbani moyo mweupe. Usiku bosi akanionesha simu: nyota tatu kati ya tano. Iliniuma, maana nilimhudumia kwa moyo wote.

Mzee mmoja wa kazi hii ndiye aliyenifumbua macho, tumekaa Forodhani tunangoja mishikaki. "Mwanangu, usisikilize neno tu. Sikiliza sauti imepanda wapi." Mwingereza akikaza quite, anakwambia "nzuri, lakini..." Akikaza good, ameridhika kweli. Mmarekani akitumia maneno hayo hayo, aghlabu anamaanisha nzuri sana. Kwa hivyo mjue kwanza mgeni wako katoka wapi.

Kuna sifa, hata hivyo, ambazo hazina kidogo wala sana. Chai huwa ya moto kidogo au ya moto mno, lakini mtungi mtupu ni mtupu. Kwenye sifa kama hizo quite ni "kabisa", kwa Mwingereza na Mmarekani sawasawa: quite empty, quite impossible, quite sure. Hiyo ndiyo maana kongwe. Neno lenyewe limepitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini quietus, na lilibeba maana ya mtu aliyeachiwa huru, hadaiwi tena. Aliyemaliza deni amelimaliza lote. Ile maana ya "kiasi" ilikuja baadaye sana. Kwa hiyo mwalimu wangu hakukosea, ila alitupa nusu ya neno.

Linalotia watu hasara zaidi ni quite a few. Few ni wachache, basi ukiambiwa "We are quite a few" utadhani watatu au wanne. Mimi nilidhani hivyo, nikapeleka gari ndogo bandarini Malindi. Wakashuka tisa, kila mmoja na begi lake, jua la saa saba limewasimamia utosini. Lichukue kama "si haba" yetu: ukisema watu si haba, ni wengi.

Ukimuuliza mgeni kama yuko tayari akajibu "Not quite", bado kidogo, usiwashe gari. Na ukiandika ujumbe, angalia herufi: quiet ni kimya. Chumba kimya ni quiet room.

Siku hizi siulizi tena kama safari ilikuwa nzuri. Nauliza wangependa tukae zaidi wapi. Wengi hutaja kungumanga, pale ninapolipasua ganda na basbasi ikatokea nyekundu, imeikumbatia kokwa kama wavu. Hapo sasa nazidisha dakika kumi.