Kabla ya Hadubini: Ushauri kwa Anayetambua Minyoo wa Panya

Nilipoanza kuchunguza minyoo duara wa panya shamba huko Morogoro, niliamini kwamba kazi yote ya utambuzi hufanyika kwenye hadubini. Siku hizi, mwanafunzi akiniomba ushauri, humwambia aanze na meza yake ya kupasulia, kwa sababu mnyoo aliyeharibika pale hakuna lenzi itakayomtengeneza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa maji ya bomba. Niliwatumbukiza minyoo walio hai katika kisahani cha maji hayo ili niwasafishe, nikaenda kuandika vipimo vya panya, na niliporudi nikakuta wengi wamevimba na kupasuka, mayai yakielea kando yao. Waoshe katika maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kisha uwaue kwa alkoholi ya asilimia 70 iliyopashwa moto mbali na mwali, ili wafe wakiwa wamenyooka. Formalini hulinda umbo vizuri, lakini huharibu DNA. Kwa hiyo usiwatie wote humo.

Kosa la pili lilihusu mnyoo aitwaye Trichuris, ambaye hukaa katika sekamu, yaani kile kifuko cha mwanzo wa utumbo mpana. Sehemu yake nyembamba kama uzi ndiyo ya mbele, nayo imejichimbia katika ukuta wa utumbo, ilhali sehemu nene ndiyo ya nyuma. (Jina hilo maana yake ni mkia wa unywele, kwa hiyo hata aliyelitoa alikosea upande, jambo linalonifariji.) Nilikuwa nikimvuta kwa kibano, na kichwa kinabaki ukutani. Sasa hukata kipande cha ukuta, nikakiloweka katika maji ya chumvi, na kumtoa mnyoo taratibu kwa ncha ya sindano.

Ukishawapata wakiwa wazima, tafuta madume. Mayai ya Trichuris yenye vizibo katika ncha zote mbili yatakupa jenasi tu, yaani kundi la spishi zinazokaribiana. Spishi huhitaji urefu wa spikula ya dume (kijisindano chake cha kujamiiana) na umbo la ala yake. Dume wa Syphacia, mnyoo mwingine wa panya, naye ana vinundu vitatu upande wa tumboni, ambavyo Aspiculuris anayefanana naye hana. Kazi ngumu zaidi ni ile ya minyoo wadogo wekundu waliojisokota katika utumbo mwembamba, kwa kuwa hao hutenganishwa kwa matuta yanayopita kwa urefu juu ya ngozi yao. Mnyoo hukatwa katikati ya mwili kwa kipande cha wembe, kile kipande chembamba kikasimamishwa wima katika laktofenoli (kimiminika kinachomfanya mnyoo aonekane kwa ndani), ndipo matuta yahesabiwe na kutazamwa yameinamia wapi. Vipande vyangu vya mwanzo vilianguka ubavu karibu vyote. Kama hukupata dume wala kipande kizuri, andika jenasi na uishie hapo, mimi humwamini zaidi anayeandika “Trichuris sp.”, yaani Trichuris ambaye spishi yake haikujulikana, kuliko anayebahatisha.

Usimtupe panya mwenyewe. Mastomys natalensis, huyo panya shamba wetu, hufanana mno na spishi ndugu zake, kwa hiyo hifadhi fuvu na kipande cha nyama chenye namba ileile ya minyoo, na namba hiyo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ya ndani ya chupa. Mimi nilitumia kalamu ya wino. Chupa tisa za mwaka wangu wa kwanza bado zimo kabatini, zikiwa na minyoo walionyooka vizuri na karatasi nyeupe.