Porto changa ya mavuno ya 2017: kuuza sasa au kuiweka?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama makasha yako mawili ya porto (ule mvinyo mtamu wenye kilevi kikali) ya mavuno ya 2017, ambayo hayajafunguliwa tangu yatoke Ureno, uyauze sasa au uyaache yalale miaka mingine. Nimenunua, nimeweka na nimeuza mvinyo wa aina hii kwa muda mrefu, na kabla ya kukujibu nina swali moja: nani ataunywa? Kama wewe na jamaa zako mnapenda porto iliyokomaa, kuiweka kuna maana. Kama unachotafuta ni faida peke yake, kwa uzoefu wangu kungoja hulipa mara chache kuliko wauzaji wanavyopenda kutuambia.

Kwanza hakikisha kilichoandikwa kwenye lebo. Porto zote hutoka bonde la mto Douro na zote hupatikana kwa kukatiza uchachukaji: pombe kali ya zabibu yenye nguvu ya takriban asilimia 77 humiminwa ndani ya mvinyo ambao bado unachachuka, hamira inakufa, sukari inabaki, na kinachotoka kina kilevi cha karibu asilimia 20. Tofauti huja baadaye. Ile iliyozeeshwa kwenye mapipa kwa miaka 10 au 20 imeshamaliza safari yake siku inapotiwa kwenye chupa, na kuilaza zaidi hakuiongezei kitu. Porto ya mavuno, yaani ya zabibu za mwaka mmoja uliochaguliwa, kwa upande wake hukaa mapipani miaka miwili hadi mitatu tu, kisha hutiwa kwenye chupa bila kuchujwa, ikiwa na tanini zake zote (ule ukakasi wa maganda ya zabibu unaokausha ulimi), na kazi iliyobaki hufanyika gizani, polepole, chini ya kizibo. Ndiyo maana chupa nzuri huweza kuishi nusu karne na kupita. Lakini mvinyo kuishi muda mrefu ni jambo moja, na bei yake kupanda ni jambo jingine kabisa. Hapo ndipo wengi huchanganya mambo.

Kipimo ninachotumia ni hiki. Tafuta bei ambazo minada imelipa hivi karibuni kwa porto ya kampuni ileile iliyotengeneza yako, lakini ya mavuno ya zamani, tuseme 1994, 1997 au 2000. Kisha chukua bei unayoweza kupata leo kwa kasha lako, uongeze gharama ya ghala na bima kwa miaka yote ambayo lingehitaji ili lifikie umri huo. Nimefanya hesabu hiyo kwa kampuni mbalimbali, na mara nyingi nimekuta kwamba porto iliyokwisha kukomaa inauzwa kwa bei isiyozidi sana ile ya changa, na wakati mwingine changa ikiongezewa gharama zake ndiyo inakuwa ghali zaidi. Hali ikiwa hivyo, maana yake kuna mtu mwingine ambaye amekwisha kulipia miaka ya kungoja kwa niaba yako. Uza changa, ununue kongwe. Ikiwa kongwe iko juu sana, basi una sababu ya kuketi na kasha lako.

Mwaka wako una jambo la pekee. Kwa kawaida kampuni kubwa hutangaza mavuno, yaani huamua kwamba mwaka huo unafaa kutoa porto ya mavuno, mara tatu hivi katika kila miaka 10, lakini 2016 na 2017 zilitangazwa mfululizo na kampuni nyingi, jambo ambalo ni nadra. Mnunuzi anayetaka porto nzuri ya kipindi hicho ana miaka miwili ya kuchagua, na mimi sioni kwa nini aharakishe kulipa zaidi kwa ajili ya mmoja wao. Kinachoweza kuamsha soko ghafla ni sifa kutoka nje, kama mwaka 2014 jarida la Wine Spectator lilipoitaja porto ya kampuni ya Dow's ya mavuno ya 2011 kuwa mvinyo bora wa mwaka. Habari ya aina hiyo ikiangukia kasha ulilonalo, uza wiki hiyohiyo. Kuipangia bajeti, hata hivyo, ni kubahatisha.

Kuhusu ladha, usitarajie mstari ulionyooka. Katika miaka yake ya mwanzo porto ya mavuno ni nyeusi kama wino, ina matunda mengi na inanyweka vizuri kuliko watu wanavyodhani. Baadaye, mahali fulani kati ya mwaka wa tano na wa kumi na tano, hujifunga: harufu inafifia, kilevi kinajitokeza, utamu na ukali vinakaa mbalimbali kama wageni waliokosana. Yako imeshaingia umri huo. Ukifungua chupa sasa ikakukatisha tamaa, usiuze kwa hasira. Mimi huanza kuzigusa baada ya mwaka wa ishirini, nikisimamisha chupa wima siku nzima kabla, kisha nikiimimina taratibu kwenye jagi la kioo huku tochi ikimulika chini ya shingo. Mvinyo hupita mwekundu na safi hadi uone uzi wa mashapo unapanda kutoka begani mwa chupa. Hapo unaacha, na vidole viwili vya mwisho vinabaki ndani.

Yote haya hayana thamani kama mahali pa kuhifadhi ni pabaya. Joto liwe karibu nyuzi 12 au 13 za Selsiasi na lisipande na kushuka, pawe na giza na unyevu wa kutosha ili kizibo kisikauke, na chupa zilale. Mnunuzi mzoefu atatazama kiwango cha mvinyo shingoni na kupapasa ukingo wa kizibo kwa kidole. Akikuta unato mtamu, atajua kwamba joto limewahi kuusukuma mvinyo nje, na bei itashuka bila mabishano. Kama huna mahali kama hapo, na hutaki kulipia ghala la kitaalamu, uamuzi umekwisha kufanyika: uza.

Kwa hali yako ningeuza kasha moja zima na kubaki na la pili kwa ajili ya kunywa. Usilifungue lile la kuuza, kwa sababu kasha la mbao lenye msumari wake wa asili hupata wanunuzi ambao chupa moja moja haziwapati, na likiwa bado kwenye ghala la forodha ambalo ushuru wake haujalipwa, liache humohumo mpaka lihamie kwa mnunuzi. Uliza kamisheni ya mnada kabla ya kukabidhi, maana kwa porto ambayo haijapanda sana kamisheni hiyo peke yake inaweza kumeza faida yote. Na lile utakalobaki nalo, hakikisha ghala limeliandika kwa jina lako wewe, pamoja na namba ya kasha, badala ya jina la mfanyabiashara aliyekuuzia. Akifilisika, wadai wake wataanza na kila kilichoandikwa kwa jina lake.